Nimeulizwa Kwa Nini Nimekichagua Chuo Hiki, na Jibu la Kweli Ninalionea Haya

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Nimekuwa nikisoma safu yako tangu nikiwa kidato cha tatu, ingawa sikuwahi kufikiri kwamba iko siku nami nitakuandikia. Mimi ni binti wa miaka 20. Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB, nikapata daraja la kwanza, na nimerudi kutoka JKT hivi karibuni. Naishi Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwa mjomba wangu, ambaye amenilea tangu baba alipofariki nikiwa darasa la tano. Mama yangu yuko Moa, wilaya ya Mkinga, ambako analima mwani pamoja na akina mama wenzake, na kila likizo huwa ninakwenda kumsaidia.

Binamu yangu anayesoma Dar es Salaam ndiye aliyenifumbua macho kwamba vipo vyuo vya nje vinavyoweza kumgharamia mwanafunzi asiye na uwezo. Wiki ileile niliyorudi tulikaa na simu yake usiku kucha, tukaorodhesha vyuo vitatu: College of the Atlantic na Berea College, vyote vya Marekani, na Ashesi kilichoko Ghana. Katika maombi yangu yote matatu napaswa kueleza, kwa namna moja au nyingine, kwa nini nimekichagua chuo hicho na si kingine. Hapo ndipo nilipokwama.

Nimeandika aya moja, na nilikusudia kuitumia kote kwa kubadilisha jina la chuo tu. Kwa Kiswahili inasema hivi: "Nimechagua chuo chenu kwa sababu ni miongoni mwa vyuo bora duniani, chenye walimu waliobobea, mazingira rafiki ya kujifunzia na wanafunzi kutoka mataifa mbalimbali. Tangu nikiwa mtoto nimekuwa na ndoto ya kusoma katika chuo hiki. Nataka kusomea sayansi ya bahari, na ninaamini kwamba elimu nitakayoipata itanisaidia kutimiza malengo yangu na kulitumikia taifa langu."

Mwalimu wangu wa Kiingereza ameisoma akasema ni nzuri, ila niongeze sifa za chuo. Mjomba anasema nianze na kifo cha baba na umaskini wa mama, ili wanaosoma waingiwe na huruma. Kijana mmoja mwenye steshenari huku mjini ameniambia nimpe shilingi 120,000 aniandikie zote tatu, kwa sababu amekwisha kuwaandikia wengi na wapo waliofaulu. Mimi mwenyewe moyo wangu hautulii kwa lolote kati ya hayo. Ukweli ni kwamba nilivichagua vyuo hivyo kwa sababu ya pesa: hata jina la College of the Atlantic nililiona kwa mara ya kwanza usiku ule. Je, naweza kuandika hivyo? Pia nimelelewa kwamba mtu hajisifu, husifiwa, na kila nikianza sentensi kwa "mimi" naona kama ninajitangaza sokoni.

Mjomba amekwisha kuchoka na mimi. Anasema niiandike hiyo insha niimalize, niache kupoteza muda na daftari langu la mwani. Ni daftari la kawaida tu, Shangazi. Tangu kidato cha pili nimekuwa nikiandika humo mwani wa kamba ngapi za mama umekufa na jua la siku zile lilikuwaje. Nimelitaja ili ujue kwamba nyumbani wanaona sina bidii.

Tafadhali nisaidie. Nimebakiwa na wiki chache.

Binti wa Ngamiani

*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa daraja la kwanza. Umesema kwamba moyo wako hautulii kwa ushauri uliopewa. Ninataka uuamini moyo huo, kwa sababu umeona jambo ambalo watu wazima waliokuzunguka, pamoja na mapenzi yao yote kwako, hawakuliona.

Kwa miaka sita nilikaa kwenye jopo la kusoma barua za vijana waliokuwa wakiomba ufadhili wa masomo. Tulikuwa watu wanne, na kila mmoja alipewa bahasha yenye barua themanini au mia, azisome kwa siku tatu. Nakuambia bila kuficha kwamba aya kama yako nilikuwa nikiisoma mara arobaini kwa siku, maneno yakiwa yamehamishwahamishwa tu. Niliyekuwa nikimtafuta katika karatasi zile hakuwa mtu anayeweza kumsifu mfadhili, kwani sisi tulikuwa tukijua habari zetu wenyewe. Nilimtafuta mtu ambaye ningeweza kumwona akiwa amekaa darasani, na nikajua amekwenda kutafuta nini.

Chukua aya yako, ufunike jina la chuo kwa kidole. Soma sentensi ya kwanza: vyuo bora, walimu waliobobea, mataifa mbalimbali. Je, inaelezea chuo kipi? Inaweza kuwa Berea, inaweza kuwa Dar es Salaam, inaweza kuwa chuo chochote chenye paa na mlango. Kisha funika jina lako mwenyewe, uisome sentensi ya mwisho, uone kama kuna kijana yeyote wa Lushoto au wa Mtwara asiyeweza kuitia saini. Sentensi ambayo haimfungi aliyeiandika wala aliyeandikiwa haina kazi katika insha ya maneno machache. Na maneno huwa machache kweli: katika fomu ya pamoja ya Marekani iitwayo Common App, ambayo vyuo vingi hupokea maombi kwayo, insha kuu haizidi maneno 650, na insha ya kueleza kwa nini umekichagua chuo huwa fupi zaidi ya hapo, kwa miaka ya karibuni Yale wamekuwa wakitoa nafasi ya maneno 125 tu kwa swali hilo. Maneno 125 ni machache kuliko salamu za barua ya posa.

Sentensi ya katikati, ile ya ndoto ya utotoni, iondoe leo hii, kabla hujalala. Wewe mwenyewe umeniambia kwamba jina hilo ulilifahamu kwenye simu ya binamu usiku mmoja. Sikulaumu, kwa sababu sentensi hiyo tumewafundisha sisi walimu, lakini ni uongo, na mtu anayeanza uhusiano wa miaka minne kwa uongo mdogo usiomsaidia chochote amejinyima nafasi ya kusema jambo la kweli ambalo lingemsaidia.

Sasa nije kwenye pesa, kwa kuwa ndiko aibu yako iliko. Kutafuta chuo unachoweza kukimudu si jambo la kuonea haya. Mzazi yeyote mwenye akili angekuelekeza hukohuko. Hata hivyo, pesa inaeleza kwa nini uligonga mlango huo, haielezi utakwenda kufanya nini ukishafunguliwa, na swali la insha ni hilo la pili. Habari za kipato cha mama na cha mjomba zina mahali pake: ziko fomu maalumu za hali ya kifedha ambazo mwombaji wa msaada hujaza, na huko uandike kila kitu kwa ukweli na ukamilifu, bila kupunguza wala kuongeza. Ujue pia kwamba vyuo vya Marekani vinavyomfikiria mwombaji wa kigeni bila kuangalia kwanza kama anahitaji msaada ni vichache, mathalani Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst. Vingi vingine huliangalia jambo hilo pamoja na mengine. Uulize mapema, kwa barua pepe, na usione haya kuuliza. Ofisi ya EducationUSA, ambayo ni huduma ya ushauri ya serikali ya Marekani iliyoko kwenye ubalozi wao Dar es Salaam, hushughulika na maswali ya namna hiyo na haitozi ada.

Mjomba wako mpe heshima yake yote, kwani amekulea, lakini usimfuate katika hili. Kifo cha baba yako si chambo. Ikiwa siku moja utaandika juu yake, uandike kwa sababu kinaeleza jambo ambalo bila hicho halieleweki, kama vile namna mama alivyoachiwa shamba la mwani peke yake na wewe ukalazimika kujua kufunga mbegu kwenye kamba ukiwa bado mdogo. Nimesoma barua nyingi za kuomba huruma, na ninakiri kwamba nililia kwa baadhi yake. Lakini nilipokwisha kufuta machozi nilikuwa bado sijui mwenye barua anataka kusoma nini.

Juu ya yule kijana wa steshenari nitasema kwa ufupi. Unapotuma maombi kupitia Common App unatia saini ya kuthibitisha kwamba ulichoandika ni kazi yako mwenyewe, na ikigundulika si yako unaweza kupoteza nafasi hata baada ya kukubaliwa. Onyo hilohilo linahusu kuiachia programu ya kompyuta ikuandikie. Zaidi ya hayo, kijana huyo hajawahi kusimama ndani ya maji ya Moa wakati wa kupwa. Atakuandikia ileile aya uliyokwisha kuiandika, kwa Kiingereza chenye maneno marefu zaidi, na shilingi 120,000 za mama yako zitakuwa zimekwenda.

Mwanangu, jambo ninalotaka kukaa nalo ni lile daftari. Umelitaja mwishoni, kama mtu anayeungama kosa dogo, ukasema ni la kawaida tu. Niliposoma mstari ule niliiweka barua chini. Tangu kidato cha pili, bila kuagizwa na mwalimu na bila kutarajia alama, kila likizo umekuwa ukihesabu kamba zilizokufa ukiandika na hali ya jua. Wakulima wa mwani wa pwani yetu wote wanajua kwamba kotonii, ile aina ya mwani yenye bei nzuri, haivumilii joto, na kwamba kaskazi inaposhika na maji ya kina kifupi kupata moto, matawi huanza kuwa meupe kwenye ncha, yakalegea, yakakatika na kuchukuliwa na mkondo, ndiyo maana wengi wamelazimika kurudi kwenye spinosamu yenye bei ndogo. Wanajua pia kwamba si joto pekee. Masika ikileta maji mengi ya mito chumvi hupungua, na samaki aina ya tasi nao hula kilichobaki. Wanalijua hilo kwa miili yao, lakini ni wachache mno walioliandika siku kwa siku. Wewe umeliandika. Hiyo ndiyo sababu yako ya kutaka chuo, na ilikuwapo miaka kadhaa kabla hujasikia jina la chuo chochote.

Hapo ndipo insha ya namna hii inapoanzia. Mvuvi wa Sahare ukimuuliza kwa nini kesho atashusha nanga kwenye mwamba fulani, hatakujibu kwamba mwamba ule ni miongoni mwa miamba bora. Atakwambia anatafuta samaki aina ya changu, kwamba bamvua, yale maji makubwa, imekwisha na maji mafu yameanza, kwamba pale mkondo hupungua wakati huo, na kwamba juzi alipotupa mshipi upande wa pili alirudi na ndoo tupu. Ameanza na anachokitafuta, akaja kwenye mahali. Wewe ulianza na mahali ndipo ukatafuta sifa za kupabandika.

Basi tuviangalie vyuo vyako vitatu kwa jicho la daftari hilo. Utaona kwamba swali lililokuwa likikutesa linakusaidia wewe kwanza kabla ya kumsaidia msomaji wako.

Ashesi ni chuo kinachoheshimika sana. Kilianzishwa mwaka 2002 na Patrick Awuah, Mghana aliyeacha kazi Microsoft ili arudi kukijenga, na kiko Berekuso, nje ya Accra. Tangu mwaka 2008 wanafunzi wake waliokubali kanuni yao ya uaminifu wamekuwa wakifanya mitihani bila msimamizi, jambo ambalo mimi niliyesimamia mitihani miaka mingi nalistahi kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini masomo kilichojijengea jina kwayo ni biashara, kompyuta na uhandisi. Shahada ya sayansi ya bahari hakuna, nawe katika aya yako umewaambia kwamba unataka kusomea sayansi ya bahari. Hapo msomaji ataelewa mara moja kwamba hukufungua hata ukurasa wa masomo yao. Ukiwa na sababu nyingine ya kweli ya kwenda huko, iandike. Ukiitafuta siku mbili usiione, ondoa chuo hicho kwenye orodha yako, na muda huo uupeleke kwingine.

Berea nacho kiko Kentucky, bara kabisa, mbali na bahari yoyote. Hiyo haina maana kwamba hakikufai, maana biolojia inafundishwa pale na msingi wa biolojia utauhitaji popote. Ina maana kwamba ni lazima ukubali waziwazi kwamba bahari haipo, ueleze kilichokuvuta badala yake. Na kipo cha kuvuta. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1855 na watu waliopinga utumwa, katika jimbo lililokuwa la watumwa, na kikawapokea weusi na weupe pamoja. Jimbo lilipotunga sheria mwaka 1904 ya kuwatenganisha, chuo kiliipinga hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambako kilishindwa mwaka 1908. Hakitozi ada ya masomo, na kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni si chini ya saa kumi kwa wiki, awe anafuma vitambaa, anahudumu maktaba au anafanya kazi shambani. Mtoto aliyekuwa akiingia majini na mama yake alfajiri ili kuwahi kupwa, kisha akarudi kusoma, analo la kusema juu ya chuo ambacho kazi ya mikono na masomo vinakwenda pamoja. Lakini lisemwe kwa mfano mmoja wa siku moja, si kwa kutangaza kwamba wewe ni mchapakazi.

Nimekaa muda mrefu zaidi na College of the Atlantic, na nadhani utakapokisoma vizuri nawe utakaa. Kilianzishwa mwaka 1969 katika mji wa Bar Harbor, jimbo la Maine, kwenye kisiwa. Kina wanafunzi wasiofika mia nne, na shahada yao ya kwanza ni moja tu kwa wote, inayoitwa ikolojia ya binadamu, yaani elimu ya namna watu na mazingira yao wanavyoishi pamoja na kuathiriana. Mwanafunzi hupanga mwenyewe masomo yake ndani ya shahada hiyo, na kabla ya kuhitimu hutakiwa kufanya mradi wake mkubwa wa mwisho. Kina vituo vya utafiti kwenye visiwa viwili vya nje baharini. Tena Ghuba ya Maine ni miongoni mwa sehemu za bahari zinazoongezeka joto kwa kasi kubwa duniani, na watu wa jimbo hilo nao hulima mwani, wa aina nyingine, ile mirefu ya maji baridi. Je, huoni, mwanangu? Kuna watu upande wa pili wa dunia wanaosimama kwenye bahari inayopata joto, wakitazama kamba zao kama mama yako anavyotazama zake.

Hata hivyo usikimbilie kuandika hayo kwa furaha, kwa sababu lipo swali gumu zaidi, ambalo mjomba wako angekuuliza na msomaji makini pia angekuuliza: kwa nini uvuke bahari kwenda kujifunza mwani, wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Zanzibar, ambako mtafiti kama Dkt. Flower Msuya amefanya kazi na wakulima wa mwani kwa miaka mingi? Katika elimu ya mwani wetu huenda Maine hawatakufundisha nusu ya wanachokijua watu wa Zanzibar. Usilikwepe swali hilo. Jiulize ni nini katika daftari lako ambacho sayansi ya bahari peke yake haikijibu. Mimi nikifikiria naona kwamba kamba ya mama yako hufa kwa sababu ya joto, lakini mama yako hubaki maskini kwa sababu ya bei, na bei haipangwi na bahari. Inapangwa na wanunuzi, na anayesimama majini ni mwanamke ambaye hana sauti katika kuipanga. Hayo ni maswali mawili yaliyofungwa kwenye kamba moja. Chuo kinachokataa kuyatenganisha masomo ya viumbe na masomo ya watu kinaweza kuwa ndicho chuo chako, na kama ndivyo, utakuwa na sababu ambayo huwezi kuihamishia kwingine kwa kubadilisha jina. Kama sivyo, basi ukweli ni kwamba Zanzibar kunakufaa zaidi, na ni heri ulijue hilo sasa.

Sikuandikii insha yenyewe, na hata hayo niliyoyasema usiyanakili. Yapime, maana mimi sijaliona daftari lako. Fungua orodha ya masomo yao ya mwaka huu, usome maelezo ya somo mojamoja mpaka ulione lile ambalo ungeingia darasani hata kama halina mtihani. Tafuta miradi ya mwisho ya wanafunzi waliohitimu. Usitaje jina la profesa kama pambo. Mtaje ikiwa umesoma alichokiandika na una swali la kumuuliza. Na uzuri wa mahali uuache. Nimesoma kwamba maji yakipwa pale Bar Harbor watu huvuka kwa miguu juu ya ukanda wa mchanga hadi kisiwa kidogo cha jirani, na nilipendezwa sana, kwa sababu nilikumbuka pwani zetu. Lakini mtalii naye anavuka.

Umesema kwamba unaona haya kusema "mimi". Nami nimelelewa hukohuko, kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza, na sitaki uache adabu hiyo ili upate chuo. Ila kuna tofauti kati ya kujisifu na kutoa taarifa. Ukisema "mimi ni mdadisi na nina bidii," umejisifu, na msomaji hana njia ya kukuamini. Ukisema kwamba likizo ya Desemba ulihesabu kamba kadhaa, zikafa kadhaa, na kwamba zilizofungwa upande wa maji marefu zilichelewa kufa, kisha ukakiri kwamba hukujua sababu, umetoa taarifa ya jambo lililotokea, na hakuna mzee yeyote wa Moa atakayekuambia umejitangaza. Kule kukiri kwamba hukujua sababu usikuondoe. Anayejua kila kitu hana haja ya chuo.

Andika kwanza kwa Kiswahili, kana kwamba unanisimulia mimi tukiwa tumekaa barazani, halafu ndipo uhamie kwenye Kiingereza kwa sentensi fupi ulizo na hakika nazo. Neno ambalo ungelazimika kulitafuta kwenye kamusi ili ulitumie, usilitumie. Mwalimu wako mwombe akusahihishie sarufi, ila umsihi asikuongezee sifa. Na ukimaliza msomee mama kwa sauti, kwa Kiswahili, hata kama ni kwa simu. Penye kosa juu ya mwani atakusahihisha papo hapo, na hilo hakuna mwalimu wala mimi tunayeliweza.

Umesema una wiki chache, na vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya kawaida mwanzoni mwa Januari, kwa hiyo hakikisha tarehe ya kila chuo leo, uiandike ukutani. Kisha uniambie daftari lile liko wapi. Kama liko kwako Ngamiani, vizuri, lifungue usiku huu uanze kusoma tangu ukurasa wa kwanza. Kama ulilisahau Moa, mpigie mama kesho mapema kabla hajashuka majini, umwombe alifunge vizuri kwenye mfuko wa plastiki lisipate maji, ampe mtu anayemwamini wa gari linalokuja mjini.

Shangazi